Jibu Sahihi ni Kukataa

Ripoti aliyokabidhiwa Inspekta Mayasa Nahodha ilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomtia shaka. Kurasa tisa zimebanwa kona, kila mstari una alama ya kijani pembeni. Miaka kumi na minane ya upelelezi ilikuwa imemfunza kwamba mahali alipoumizwa mtu, karatasi huwa na doa japo moja.

"Majaribio mia mbili na kumi na nne," alisema Bwana Amirali, akigonga ukurasa wa juu kwa kidole. "Yote yamepita. Na hili hapa la kukataa uzito usiolingana na umri, nalo limepita. Sasa mwanangu, mashine yenyewe ikisema imepita, mimi na wewe tubishe nini?"

Walikuwa wamekaa katika ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Amirali alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi hadi mikononi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Kampuni ilikuwa yake, na programu iliyoitwa Mizani ilikuwa yake pia. Muuguzi anaandika tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa na uzito wake, Mizani inamwambia kiasi gani cha dawa atie kwenye sindano. Zahanati za binafsi kumi na moja za Unguja zilikuwa zikiitumia.

Mmoja wa wagonjwa wa zahanati hizo alikuwa Salhiya Makungu wa Bwejuu, mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa Juni alichomwa sindano siku tano mfululizo, kila moja karibu mara tatu ya kipimo chake. Homa ilimwacha. Masikio yakafa. Baba yake aliligundua hilo siku aliyomwita mara nne kutoka mlangoni na mtoto akaendelea kuchezea mchanga, amempa mgongo. Muuguzi aliyemhudumia, Mwanaasha, alisimamishwa kazi, na jalada lililomfikia Mayasa jana yake lilikuwa na jina hilo moja tu.

"Nionyeshe inavyokataa," alisema Mayasa.

Amirali alifungua mtoto wa meza, akatoa tableti. Ilikuwa ile ile ya zahanati ya Bwejuu. Aliifuata mwenyewe tarehe mosi Julai, siku malalamiko yalipofika, akasema anakwenda kuichunguza. Mayasa alisimama ubavuni mwake, daftari mkononi, akaandika kila alichokibonyeza. Hiyo ilikuwa kanuni yake: andika kinachotendwa kwanza, kinachosemwa baadaye.

Tarehe ya kuzaliwa, 12-3-2022. Uzito, kilo 60. Kioo kikawa chekundu, na katikati neno moja: IMEKATALIWA.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mtoto wa umri huo hawezi kuwa na kilo sitini, basi programu inakataa. Hapo muuguzi alitakiwa asimame. Yeye kapiga hesabu zake za kichwani, kamuumiza mtoto wa watu, sasa anatafuta pa kuegemea."

"Na kama si yeye?"

Amirali hakufikiri hata kidogo. Alivuta karatasi nyingine iliyokuwa tayari chini ya mkono wake. "Basi kamuulize Tahera. Daftari la mabadiliko ya programu hilo. Tarehe tisa Juni jaribio la uzito liliguswa. Soma jina." Jina lilikuwa Tahera. "Aliacha kazi hapa mwisho wa Mei kwa hasira. Sasa anaendesha nyumba ya wageni. Unajua wapi? Bwejuu, Inspekta. Kijiji cha mtoto yule yule."

Mayasa alizitazama karatasi mbili zile, moja kulia, moja kushoto. "Bwana Amirali, jaribio limeharibiwa au limepita?"

"Limepita. Umeliona."

"Basi Tahera kaharibu nini?"

Mzee alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi nakupa kila nilichonacho. Mwenyewe sijaandika mstari wa programu miaka sita sasa. Hayo ya vijana wa chini."

Mayasa alizikusanya karatasi zote, kisha akaomba tableti.

"Hiyo mali ya kampuni."

"Kuanzia sasa ni kielelezo," alisema, akamwandikia stakabadhi.

Chini, kwenye chumba chenye meza nne na feni moja, alikuwamo mtu mmoja tu. Jina lake Jatin, mtaalamu wa programu, mwembamba, nyusi zimeungana. Mayasa alimuuliza mabadiliko yaliyotangulia hayo ya tarehe tisa yalikuwa ya nani.

Jatin alitazama ngazi kabla ya kujibu. "Yangu. Tarehe nane. Nilibadilisha namna ya kusoma tarehe na umri tu."

"Tu?"

"Tu," alisema, na macho yakarudi kwenye ngazi.

*

Mwanaasha alimpokea Jang'ombe, kwenye ukumbi mdogo uliotandikwa mkeka, sare yake nyeupe ikiwa imetundikwa nyuma ya mlango kama nguo ya mtu aliyesafiri.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba. Kaa. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Uliandika uzito gani?"

"Arubaini na moja." Hakusita. "Mtoto ana kilo kumi na nne. Nilipindua tarakimu. Nshasema polisi, nshasema kwa babake, na nitasema popote. Hilo langu."

"Programu ikakataa?"

"Ingekataa ningeliona kosa langu. Ilinipa kipimo. Nikakiamini, maana miaka miwili nyuma iliwahi kunikatalia mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa na haki." Aliinua macho. "Wanasema napiga hesabu kichwani. Mimi mtu mzima, afande. Hesabu za dawa sizipigi kichwani."

Mayasa alimpa tableti, imezimwa. "Nionyeshe kwa kidole ulivyoandika tarehe ya kuzaliwa. Pole pole."

Kidole cha muuguzi kilitembea juu ya kioo cheusi. Siku, kimstari cha mshazari kiitwacho mkwaju, mwezi, mkwaju tena, mwaka.

"Kwa nini mkwaju?"

"Ndivyo ilivyo kwenye kadi ya kliniki. Zamani tuliandika kwa kistari, programu ikitaka hivyo. Mwezi wa sita tukaambiwa sasa andikeni kama kadi."

Mayasa alifungua daftari, akaurudia mstari alioandika Kiponda asubuhi ile. Amirali alikuwa ameandika kwa kistari. Mwenye programu ndiye pekee aliyesahau kwamba programu yake imebadilika, au ndiye pekee aliyekumbuka vizuri.

*

Njia nzima ya kwenda Bwejuu alikuwa akimfikiria Tahera, na hakuna alichofikiri kilichokuwa kizuri. Mtu aliyeacha kazi kwa hasira, anayejua programu ndani nje, anayeishi mita mia tano kutoka zahanati. Washukiwa wa namna hiyo huwa hawaji wenyewe mikononi mwa mpelelezi. Huwa wameletwa na mtu. Lakini wengine huwa wameletwa kwa haki.

Tahera alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, akihesabu mashuka yaliyorudi kwa dobi. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtandio begani, mikono haitulii. Aliposikia neno polisi aliweka mashuka chini.

"Ni kwa ajili ya Salhiya," alisema kabla ya kuulizwa.

"Unamjua?"

"Mamake analima mwani, hupita hapa kila bamvua, bahari ikipwa mbali. Niliposikia ni sindano, na zahanati ni ile, nilijua mtakuja kwangu."

"Kwa nini kwako?"

"Kwa sababu ile kanuni ya uzito niliiandika mimi."

Mayasa alimwekea mbele karatasi ya mabadiliko, kidole kikiwa juu ya jina. Tahera aliisoma, uso ukamkauka.

"Tarehe tisa nilikuwa nshaondoka."

"Jina lako hilo."

"Jina analiandika mwenye kompyuta, afande. Ukikaa wewe kwenye mashine ukaiambia unaitwa Tahera, itaandika Tahera. Haikuulizi kitambulisho."

"Hivyo ndivyo angesema aliyeandika."

"Ndivyo," alikubali Tahera. Akanyoosha mkono. "Hebu nipe hizo kurasa nyingine. Zile za kijani."

Mayasa alifikiri, akampa. Akasogeza kiti karibu, aone anachokitazama.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," alisema.

"Haya. Kila programu ina maelezo yake, ya kumfundisha mtu kuitumia. Maelezo yetu yana mifano: ukiuliza hivi, itajibu hivi. Kila tukibadilisha kitu, kompyuta inayasoma maelezo yenyewe, inauliza kila swali upya, inalinganisha jibu lililotoka na lililoandikwa. Yakilingana, kijani. Yasipolingana, nyekundu."

"Na huu?"

"Mfano huu ni wa namna nyingine. Mtoto mdogo, kilo sitini. Hapa jibu sahihi ni kukataa. Programu ikitoa kipimo, jaribio limeanguka. Kwa hiyo kwenye maelezo niliandika kosa ninalolitarajia. Soma mstari wa mwisho."

Mayasa alisoma: *KosaLaThamani: uzito haulingani na umri.*

"Kabla ya nukta mbili ni aina ya kosa," alisema Tahera. "Baada yake ni sababu. Kompyuta ilikuwa ikilinganisha vyote viwili." Kidole chake kilisimama. "Ilikuwa. Kuna mtu katia alama hapa, mwisho wa swali. Alama hii inaiambia kompyuta: angalia aina ya kosa tu, maneno yanayofuata usiyasome."

"Kwa hiyo programu ikikataa kwa sababu yoyote..."

"Ya aina hiyo, itapata kijani. Hata ikikataa kwa sababu isiyohusu uzito kabisa."

Mayasa aliitazama tarehe iliyokuwa kwenye mfano. 12-3-2022. Kwa kistari. Aliwasha tableti, akaiweka juu ya mashuka. "Andika kama Amirali alivyonionyesha."

Tarehe kwa kistari, kilo 60. IMEKATALIWA.

"Sasa tarehe ya Salhiya kwa mkwaju, kama kadi. Kilo arubaini na moja."

Kioo kilibaki cheupe. Kikatoa kipimo, kwa utulivu, pamoja na ukubwa wa sindano. Tahera aliandika tena, safari hii kilo 60, kwa mkwaju. Kipimo kingine. Alibonyeza pembeni, akafungua maelezo madogo ya mgonjwa, akajishika shavu.

"Umri. Kasome umri. Thelathini na nane. Hiyo ni miezi, na kanuni yangu inasoma miaka. Inamwona mtoto kama mtu mzima wa miaka thelathini na nane. Na inazuia uzito uliozidi umri tu, kwa hiyo kilo arubaini na moja, mbona inakubalika." Alivuta pumzi. "Jatin alipobadilisha tarehe, umri ukageuka miezi. Kosa la bahati mbaya, lingenitokea hata mimi. Jaribio lilikuwepo ili limkamate."

"Halikumkamata kwa sababu mfano una kistari."

"Mfano ulikataliwa kwa tarehe kabla haujafika kwenye uzito. Tarehe haisomeki, basi. Siku ile lazima jaribio lilikuwa jekundu, maana sababu haikulingana na ile niliyoiandika. Mtu mwaminifu angebadilisha kistari kuwa mkwaju, na hapo hapo angeona mtoto wa kilo sitini anapewa dawa. Huyu kaifumba macho kompyuta."

"Pengine hakujua. Kafanya haraka."

"Pengine," alisema Tahera, lakini tayari alikuwa ameinamia tena ukurasa, na Mayasa aliiona mikono yake imetulia kwa mara ya kwanza. "Afande, mistari hii ya katikati siyo niliyoiandika mimi. Kosa likitokea kompyuta hutoa orodha ya njia lilikopita: kichwa, kisha faili gani, sehemu gani, na mwisho kosa lenyewe. Katika jaribio, mistari ya katikati hairuhusiwi kuhesabiwa, kwa kuwa hutofautiana kila mashine. Kompyuta inairuka. Mimi niliweka nukta tatu tu. Huyu kanakili orodha nzima ya kwenye kioo chake akaibandika. Kisha mstari wa mwisho akaufuta, akarudisha maneno yangu ya zamani."

"Umejuaje?"

"Kwa kuwa njia inasema kosa limetokea kwenye *soma_tarehe*, na mwisho wake unasema uzito. Haviwezi kwenda pamoja. Angeacha maneno mapya, kila msomaji angejiuliza tarehe imefuata nini kwenye jaribio la uzito. Alama ni ya kuizuia kompyuta. Maneno ya zamani ni ya kumzuia mtu."

Mayasa aliisoma mistari ile pole pole, moja baada ya moja, kama anavyosoma maelezo ya shahidi aliyeambiwa hatahojiwa. Wa pili ulianza kwa jina la kompyuta ambamo programu ilikuwa imehifadhiwa: *ofisi_juu*.

"Kompyuta yako uliipa jina gani?"

"Tahera. Kila mmoja aliita jina lake. Hiyo siijui, sisi wote tulikaa chini."

*

Kesho yake saa tatu asubuhi Mayasa alimkuta Jatin akifungua dirisha. Hakumsalimia kwa urefu.

"Kompyuta inayoitwa ofisi_juu ni ipi?"

Jatin alishika kitasa cha dirisha muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Ya bosi. Iko moja tu huko juu. Ufunguo anao yeye."

"Jaribio lilikuwa jekundu tarehe nane?"

"Lilikuwa. Nilimwambia nitalitazama asubuhi. Kesho yake nikalikuta kijani, jina la Tahera. Nikasema pengine bado anatusaidia." Aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuamini hivyo, ndiyo maana nikaamini. Sikufungua kuangalia."

Amirali alikuwa mezani kwake. Mayasa aliweka ule ukurasa mbele yake, akalipigia mstari jina la kompyuta kwa penseli, akakaa bila kukaribishwa.

"Ulizichapisha mwenyewe karatasi hizi," alisema. "Lazima ulitazama rangi tu."

Mzee alisoma. Alisoma tena. Kelele za pikipiki kwenye uchochoro zilipanda hadi dirishani, zikapita.

"Wakaguzi wa mradi walikuwa waje tarehe kumi," alisema mwisho. "Jekundu moja, tunasubiri miezi mitatu. Nilidhani mfano ndio uliozeeka. Kistari kwa mkwaju, jambo la maandishi. Sikujua kama kanuni yenyewe imekufa. Wallahi sikujua."

"Na jina la Tahera?"

"Aliyezoeleka kugusa jaribio lile ni yeye."

"Na maneno ya zamani uliyoyarudisha?"

Mzee aliusogeza ukurasa kando.

"Tukubali," alisema Mayasa. "Juni hukujua. Tarehe mosi Julai uliifuata tableti Bwejuu. Uliijaribu?"

Amirali aliutazama mkono wake mwenyewe.

"Uliijaribu, Bwana Amirali. Kwa kistari na kwa mkwaju. Ndiyo maana jana ulijua uandike ipi mbele yangu. Bi Mwanaasha kosa lake kalisema siku ya kwanza, na jina lake litabaki kwenye jalada kwa kosa hilo. Lakini wewe umejua siku tisa."

"Nilitaka Jatin airekebishe kimya kimya, kisha..."

"Ameirekebisha?"

Mzee alitikisa kichwa kukataa. Mayasa alikuwa amekuja na hati ya kumkamata mfukoni, na askari wawili chini mlangoni. Badala ya kuitoa hati, aliisogeza simu ya mezani hadi ikagusa kiwiko cha mzee.

"Zahanati kumi na moja. Sasa hivi watoto wanapimwa. Piga moja moja. Waache kuitumia, na wakupe kila mtoto aliyechomwa sindano tangu tarehe tisa Juni, umri na uzito. Weka sauti nje nami nisikie."

Alipiga. Ya kwanza hakuna mtoto. Ya pili watatu, uzito wote wa kawaida. Ya tatu ilikuwa Bwejuu, iliyokwishamo kwenye jalada, wakairuka. Ya nne ilicheleweshwa na mtu wa mapokezi aliyetaka kujua barua rasmi iko wapi, mpaka Mayasa alipojitambulisha. Jatin alikuwa amepanda bila kuitwa, amesimama kizingitini na kalamu, akiandika. Ya tano, salama. Ya sita, salama. Sauti ya Amirali ilikuwa ikipungua kila namba, kama mtu anayepanda ngazi.

Ya saba aliipokea muuguzi mwanaume aliyejitaja kuwa Kheir. Walisikia kurasa zikifunuliwa.

"Yupo mmoja," alisema. "Miaka miwili. Kilo ishirini na moja."

Jatin aliacha kuandika.

"Ameanza lini?" aliuliza Mayasa.

"Jana. Sindano ya leo nshaivuta, iko kwenye sahani hapa. Mama yake yuko nje."

"Iache kwenye sahani. Mpandishe mtoto kwenye mizani sasa, usome mbele ya mama yake."

Waliusikia mlango, mtoto akilalamika, mwanamke akimbembeleza, chuma kikigonga sakafu. Amirali alikuwa ameshika pembe ya meza kwa mikono miwili.

"Kumi na mbili," alisema Kheir. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kilo kumi na mbili. Afande, ningempa."

"Imwage dawa. Mwambieni mama ukweli, na mpelekeni hospitali leo apimwe figo na masikio. Nitatuma gari."

Alikata simu. Mzee alikuwa ameficha uso kwa viganja. Mayasa alimpa muda wa kuvuta pumzi moja, akamrudishia mkono wa simu.

"Zimebaki nne," alisema. "Piga."